Mbali ni Wapi? Mikindani na Msimbati katika Maandishi ya Wapita Njia

Kuna neno moja ambalo ni nadra kukosekana katika maandishi ya wageni juu ya pwani ya kusini ya Tanzania, nalo ni "mbali". Mikindani ni mbali, Msimbati ni mbali zaidi, na mdomo wa Ruvuma ndio mwisho wa mbali. Vijitabu vinavyowaita watalii waje kutembea kwa miguu na kutazama viumbe wa bahari na wa mikokoni hulitaja neno hilo kama muuza duka anavyotaja bei: ni mbali, kwa hiyo ni kimya, ni kimya, kwa hiyo ni safi, njoo basi kabla hapajaharibika. Hapana anayeuliza ni mbali na wapi. Mvuvi wa Ruvula aamkaye alfajiri akaiona ngalawa yake imekaa juu ya mchanga hayuko mbali na kitu chochote. Ngalawa ipo, maji yapo, na wanawe wamelala nyuma yake. Aliye mbali ni yule aliyetoka London.

Pengine msomaji ataona kwamba haya ni mambo ya biashara, hayastahili kalamu ya mhakiki. Lakini neno hilo limetoka katika fasihi kabla ya kuingia katika biashara, na kazi linaloifanya ni kazi ya fasihi: huwafuta watu kwenye mandhari bila ya kuwataja kwa ubaya. Inafaa kulifuatilia lilikotoka.

Halikuzaliwa Afrika. Mwaka 1773 Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri wa Kiingereza, alifunga safari pamoja na rafiki yake James Boswell kwenda kwenye visiwa vya magharibi ya Scotland, wakisafiri kwa farasi, kwa mashua na kwa miguu. Johnson alichapisha kitabu chake mwaka 1775, Boswell akafuata na chake mwaka 1785, na tangu hapo mtu wa mjini aendaye visiwani kutafuta upweke, miamba na ndege amekuwa akiwafuata nyayo, ajue asijue. Johnson ni mwandishi mzuri mno, na kitabu chake hakikosi huruma kwa watu maskini aliowakuta. Hata hivyo, alishikilia kwamba lugha ya wenyeji wale, Kigaeli, haikuwahi kuwa lugha ya kuandikwa, na kwa hiyo kumbukumbu zake hazina mizizi ya kutegemewa. Alilisema hilo katika kitabu chake miaka saba baada ya kitabu cha mashairi ya Duncan Ban MacIntyre kupigwa chapa Edinburgh, mwaka 1768, kwa Kigaeli hicho hicho.

MacIntyre hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa mlinzi wa wanyama wa kuwindwa katika milima ya bara, na mashairi yake aliyatunga kichwani, watu wengine wakayanukuu. Utungo wake mkubwa ni sifa ya mlima mmoja, Beinn Dòbhrain, na ya kulungu wake. Umejengwa juu ya mapigo ya muziki wa zumari la kiriba, mwendo ukipanda na kushuka kama muziki wenyewe. Ni utungo mrefu wa mtu anayetembea na kutazama. Majani anayokula kulungu yamo, maji anayokunywa yamo, na bonde analojificha limetajwa kwa jina lake. Mtu aliyeishi mlimani kwa kazi aliyaona yale ambayo mpita njia wa majuma machache hakuweza kuyaona, na akayaweka katika bahari ya ushairi aliyoirithi. Hivyo Scotland ina maandishi ya aina mbili juu ya pembe zake za mbali: ya mgeni na ya mwenyeji. Msomaji wa leo anaweza kuyaweka bega kwa bega akaamua mwenyewe.

Kwa Mikindani, kabati la kwanza limejaa. La pili je?

Tarehe 24 Machi 1866 David Livingstone aliteremka Mikindani akitokea Unguja. Alikusudia kuingia kwa mdomo wa Ruvuma, mto alioujua kwa safari zake za mwaka 1861 na 1862, lakini mahali pa kuteremshia wanyama wake hapakupatikana, na wanyama hao hawakuwa haba: ngamia, nyati wa kufugwa, punda na nyumbu. Ndipo akarudi nyuma kidogo upande wa kaskazini mpaka kwenye ghuba ya Mikindani. Alikaa hapo siku chache, na mapema Aprili akaanza kuelekea bara. Hakutoka tena mzima. Shajara zake za safari hiyo zilitolewa mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, kwa jina la The Last Journals, zikihaririwa na Horace Waller.

Kurasa zake za Mikindani si kurasa bora za kitabu hicho. Anaisifu bandari, lakini kwa jicho la mtu anayepima kina cha maji na upana wa mlango. Mji wenyewe, pamoja na misikiti yake na watu wake waliokuwa wakifanya biashara na Unguja, Kilwa na visiwa vya Ngazija, unapita kama kituo cha kungojea mizigo. Uhai unaingia baadaye, njiani, anapowaajiri Wamakonde wamkatie njia msituni ili ngamia wapite. Hapo anaacha kupima na kuanza kutazama: anaona mkono unavyoshika shoka, anaona ustadi, na sentensi zake zinapata mwendo. Yafaa kulizingatia hilo, maana ndilo tatizo zima la maandishi ya wapita njia kwa ufupi. Mgeni huandika vizuri pale anapomhitaji mwenyeji. Asipomhitaji, humwona kama sehemu ya mandhari.

Na mandhari hayo yana kejeli yake. Ukoo wa Livingstone ulitoka Ulva, kisiwa kidogo cha magharibi ya Scotland, ambako babu yake aliondoka mwishoni mwa karne ya 18 kwenda kutafuta kazi ya kiwandani huko Blantyre. Johnson na Boswell walilala Ulva usiku mmoja katika safari yao ile. Katika miaka ya 1840 mwenye ardhi mpya alianza kuwaondoa wakaazi wengi wa kisiwa hicho. Kwa hiyo mtu aliyesimama kwenye mchanga wa Mikindani na daftari mkononi alikuwa mjukuu wa watu walioandikwa na wengine kuwa ni watu wa mbali. Katika shajara zake fikira hiyo haina nafasi. Pengine haikumjia, pengine mtu akishashika kalamu upande wa pili, husahau upesi.

Pembeni yake alikuwapo kijana Chuma, Myao. Nchi ya Wayao iko bara, upande ule ule walikokuwa wakielekea. Kwa Livingstone kila hatua kutoka Mikindani ilikuwa hatua ya kwenda mbali. Kwa Chuma ilikuwa hatua ya kukaribia alikozaliwa, kabla hajakamatwa utumwani na kukombolewa mwaka 1861. Baada ya kifo cha bwana wao, Chuma na mwenziwe Susi walipelekwa Uingereza mwaka 1874, wakamsaidia Waller kuyapanga maandishi ya marehemu. Kitabu hicho basi kina alama za vidole vyao, ingawa jina lililo juu ya jalada ni moja. Laiti Chuma angeandika safari hiyo hiyo kwa mkono wake, neno "mbali" lingeangukia wapi?

Karne moja baadaye neno hilo lilizaa kiroja. Mwaka 1959 Mwingereza mmoja aliyekuwa akiishi Msimbati, Latham Leslie-Moore, alitangaza kwamba mahali hapo ni nchi huru na yeye ndiye sultani wake. Mwandishi wa Marekani, John Heminway, amemsimulia katika No Man's Land, kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya Wazungu waliosalia Afrika. Tamthilia nzima imo katika jina la kitabu. Kwa Kiswahili twaweza kulifasiri "nchi isiyo ya mtu", au "nchi isiyo na mwenyewe", na kila tafsiri inachoma kwa namna yake. Maana Msimbati ilikuwa na wenyewe, wavuvi na wakulima wa minazi na mihogo, waliomtazama sultani huyo akipandisha bendera. Kichekesho chake kinavutia, na wasomaji wengi wamekifurahia. Ila kichekesho hicho kinahitaji jukwaa tupu, na jukwaa hilo limesafishwa na waandishi waliotangulia.

Vijitabu vya utalii vya miaka ya karibuni vimerithi jukwaa hilo likiwa tayari limefagiliwa. Msafiri hulala Mikindani, pengine katika Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, lililokarabatiwa baadaye na taasisi ya hisani ya Kiingereza likawa hoteli. Hutembea kwenye vichochoro kutazama milango ya nakshi na kuonyeshwa nyumba inayosemekana Livingstone alifikia. Halafu huendelea Mtwara, na kutoka Mtwara hadi Msimbati na Ruvula, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 650. Hapo ana mengi ya kutazama: matumbawe, mikoko mingi ya maingilio ya mto, viboko na mamba katika maji baridi, kasa na ng'amba, na kati ya Julai na Novemba nyangumi wenye nundu wanaopanda kutoka bahari ya kusini kuja kuzaa katika maji ya joto. Kwenye mabwawa ya matope hutua ndege waliotoka kaskazini ya dunia kukimbia baridi, sululu na vitwitwi kwa maelfu.

Haki iwapewe wanaostahili. Mtu anayekaa saa mbili chini ya jua akimtazama sululu mmoja akichokoa matope ana adabu ambayo washairi wengi hawana. Huandika saa, huandika urefu wa mdomo, huandika kama maji yalikuwa yakijaa au yakitoka. Hatafuti funzo kwa ndege yule. Anamwacha awe ndege.

Kinachokosekana katika vijitabu hivyo ni kila kitu kinachovuruga upweke. Fukwe za Msimbati zinasifiwa kuwa hazijaguswa na mkono wa mwanadamu, ilhali gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, visima vipo, na tangu mwaka 2015 bomba linaipeleka hadi Dar es Salaam. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia mitaani kwa ajili ya bomba hilo, na damu ikamwagika. Ng'ambo ya mto, katika jimbo la Cabo Delgado, vita vilianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 vikavuka hadi kijiji cha Kitaya upande wa Tanzania. Huku ndiko "kimya" kunakotajwa. Wala vijitabu havisemi sana juu ya vijiji vilivyomo ndani ya mipaka ya hifadhi, ambavyo wakaazi wake hutajwa mara nyingi katika mafungu mawili tu: wanaotishia viumbe kwa baruti na nyavu ndogo, na wanaovihifadhi. Baruti ni balaa, na mvuvi aliyeona mwamba uliovunjwa nayo analijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mtu anayeishi na bahari ana mafungu mengi zaidi ya hayo mawili.

Njia hii ya kuandika ina mwisho wake unaojulikana, na mwisho huo uko Scotland. Kisiwa cha Hirta, katika St Kilda, kilikaliwa kwa karne nyingi na watu waliokula ndege wa baharini na kulipa kodi ya ardhi kwa manyoya yao. Tarehe 29 Agosti 1930 watu 36 waliobaki waliondolewa, kwa ombi lao wenyewe, kwa kuwa walikuwa wachache mno kuendelea. Leo watalii hufika kwa mashua, hutembea katikati ya nyumba za mawe zisizo na mapaa, huinua darubini kutazama ndege wale wale. Ni matembezi mazuri, wote waliofika wanashuhudia. Ndege wamebaki kuwa wa kutazamwa tu, kwa sababu hapana tena aliaye njaa chini ya jabali.

Msimbati watu wapo. Kwa hiyo swali linawageukia washairi wa Kiswahili, na hapa hukumu haiwezi kuwa laini. Ushairi wa Kiswahili umejaa wanyama, lakini aghalabu ni wanyama waliovaa kanzu. Mamba wa Abdilatif Abdalla, katika Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973, ni mtawala, na msomaji aliyemchukulia kuwa mamba wa mtoni hakuelewa kitu. Papa ni dhalimu, kunguru ni mwizi, kasa ni mpenzi aliyeponyoka mkononi. Fumbo hili ni utajiri. Limewavusha washairi katika nyakati ambazo kusema wazi kulikuwa ni kujipeleka kifungoni, kama Abdilatif mwenyewe alivyojua. Hasara yake ni kwamba mnyama mwenyewe hana pa kusimama. Mtu anaweza kusoma diwani kumi za pwani asijue kasa huchimba shimo lake kwa miguu ya nyuma.

Aliyekaribia zaidi kuivunja desturi hiyo ni marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021. Alikuwa mvuvi na baharia kabla ya kuwa jina kubwa, na katika Kimbunga, diwani yake ya mwaka 1994, upepo na maji vinasikika kama vitu alivyoumizwa navyo. Shairi lililoipa diwani jina lake ni fumbo, hilo halina shaka. Lakini fumbo lake limeloa maji ya chumvi. Mwenye kuifahamu bahari huliamini kwanza kama habari ya hewa, halafu ndipo huanza kuuliza limefumba nini. Tofauti hiyo ni kubwa.

Upande wa kusini, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliochapwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Utenzi huo husomwa kama historia, na ni sawa. Wachache wameuangalia kama jiografia, wakafuata watu na habari zinavyosafiri ndani yake kutoka mahali hadi mahali pa kusini ambapo kwenye ramani ya Livingstone ni weupe wa karatasi. Anayedai kwamba kusini hakuna maandishi ya mwenyeji hajaufungua.

Utenzi, kwa kweli, ndio bahari inayofaa kwa kazi hii. Shairi la mizani 16 hukatika katikati na kurudi kwenye kina chake. Linapenda kubishana, kujibu na kufunga. Utenzi una mizani 8 kwa kipande, na mizani 8 ni mwendo wa miguu: hatua, hatua, pumzi. Unaweza kutaja kijiji, mti, kisima, ukaendelea bila ya kulazimika kugeuza kila kitu kuwa hoja. Mtu akitaka kuitunga njia ya kutoka Mikindani hadi Ruvula, chombo anacho tayari, kimekaa pwani kimeanguka makoma tu.

Kikwazo kingine kimo katika lugha yenyewe. Kwa Kiswahili cha pwani kutembea ni kwenda kuonana na watu: mtu huaga kwamba anakwenda kutembea kwa shangazi yake, na huko atakunywa chai. Kutembea ili kuona nyasi na ndege ni jambo la kuchekesha kidogo, la mtu asiye na jamaa. "Safari" yenyewe Waingereza waliichukua wakaifunga katika wanyama, ikarudi nyumbani ikiwa na kofia ya kitambaa kigumu. Lakini wapo watembezi wa kweli Mikindani na Msimbati ambao hawajaitwa hivyo. Wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, wanawake hushuka hadi kwenye mwamba na vijiti vyao kutafuta pweza na chaza. Wanajua tundu lenye mwenyewe na tundu tupu kwa rangi ya mchanga uliotapikwa mlangoni. Wanajua ni lini wageuze nyuso kabla maji hayajawakata njia. Saa mbili za sululu si kitu kwao. Wamo katika matope hayo tangu utotoni, pamoja na sululu. Maarifa yao yana majina, na majina hayo yako katika Kimakonde, katika Kimwani cha ng'ambo na katika Kiswahili cha kusini ambacho kamusi sanifu hazijakipa nafasi ya kutosha.

Ndicho kinachoweza kupotea, na hakipotei kwa kelele. Mwongozaji kijana akifunzwa majina ya ndege kutoka katika kitabu cha Kiingereza, atamwambia mgeni jina la Kiingereza, na jioni atamwambia mdogo wake jina hilo hilo. Nyangumi kwa Kiswahili ni mmoja, awe na nundu au asiwe nayo, awe wa kupiga mkia au wa kulala juu ya maji. Kitabu cha mgeni kinawatenga mmoja mmoja. Mshairi hawezi kujibu kwa kutafsiri orodha ile. Aende kwa mzee aliyewahi kulala baharini usiku wa Septemba akasikia pumzi kubwa upande wa joshi, amuulize waliitaje sauti ile.

Kasa hupanda ufukweni usiku, hutaga, hufukia, hurudi majini bila ya kutazama nyuma. Mayai hukaa mchangani siku zipatazo 60 kabla wadogo hawajachomoza. Muda huo unamtosha mtu kutunga utenzi wa beti 100 na kuupitia mara mbili, na bado akapata siku kadhaa za kwenda Msimbati kuuliza usiku ule ulikuwa wa upepo gani.